Bajeti ya Karnataka: Pesa za Kuamua Ni Chache Kuliko Mnavyodhani

(Hotuba kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Bengaluru, mji mkuu wa jimbo la Karnataka nchini India. Nimeinyoosha kidogo kwa ajili ya wasomaji, na mwishoni nimeweka maswali mawili yaliyoulizwa ukumbini.)

Ndugu zangu, asanteni kwa kunialika. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu mliofika juzi juzi na bado mnapambana na pilipili ya hapa, poleni, mtazoea.

Nimeombwa niwaeleze bajeti ya jimbo mnaloishi. Huenda mtu akajiuliza, mimi nimetoka Morogoro au Eldoret kuja kusoma famasia, bajeti ya Karnataka inanihusu nini? Inakuhusu kila asubuhi. Januari 2025 nauli za mabasi ya serikali hapa zilipanda kwa asilimia 15. Tarehe 1 Aprili jimbo likaongeza kodi ya dizeli hadi asilimia 21.17, na wenye magari ya mizigo wakaanza kupiga hesabu upya. Dada zetu mmeona wanawake wenzenu wakipanda basi bila kulipa huku ninyi mkikata tiketi, maana huduma ile ni ya wakazi wa Karnataka wenye kitambulisho cha hapa. Mambo hayo yote yanakutana Vidhana Soudha, lile jengo kubwa la mawe la Bunge la jimbo, ambalo juu ya lango lake pameandikwa kwamba kazi ya serikali ni kazi ya Mungu. Mkaguzi wa hesabu haruhusiwi kuamini maandishi hayo, na leo nawaomba nanyi msiyaamini.

Kwanza ukubwa wa kitu chenyewe. Tarehe 7 Machi 2025, Waziri Kiongozi Siddaramaiah alisoma bajeti ya mwaka wa fedha 2025-26, unaoanza 1 Aprili na kwisha 31 Machi. Ilikuwa bajeti yake ya 16. Yeye ndiye aliyekuwa Waziri Kiongozi, na yeye huyo ndiye aliyeshika wizara ya fedha, kwa hiyo usingetegemea mabishano makali kati ya ofisi hizo mbili. Jumla ilikuwa krori 409,549. Krori moja ni milioni 10, na laki yao ni laki yetu. Kwa hesabu tuliyozoea ni rupia trilioni 4.1 hivi, na kwa thamani ya rupia ya wakati ule zinakaribia dola bilioni 47. Bajeti ya Tanzania nzima ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Ukizigeuza zote mbili kuwa dola, jimbo hili moja linapanga kutumia takriban mara mbili ya Tanzania, na idadi ya watu haipishani sana: Karnataka ilihesabu watu milioni 61.1 katika sensa ya 2011, Tanzania milioni 61.7 katika sensa ya 2022. Na hili ni jimbo moja tu kati ya 28.

Sasa sheria, na hapa sitakaa. Katiba ya India, ibara ya 202, inamtaka Gavana ahakikishe kwamba kila mwaka taarifa ya mapato na matumizi inawekwa mbele ya Bunge la jimbo. Wabunge hupigia kura mafungu ya wizara, kisha hupitisha sheria ya matumizi, na bila sheria hiyo hata rupia moja haitoki kwenye Mfuko Mkuu wa jimbo. Yapo matumizi ambayo Bunge linaweza kuyajadili lakini haliyapigii kura: mshahara wa Gavana, wa Spika, wa majaji wa Mahakama Kuu, na malipo ya deni. Hilo la deni likumbukeni, maana ni pesa nyingi ambazo mbunge hana namna ya kuzizuia.

Tuje kwenye mapato, ambako watu wengi hupita haraka wakikimbilia kujua nani kapewa nini. Mimi nadhani huku ndiko siri ilipo. Chukua rupia 100 za bajeti hii. Rupia 51 zinatoka kwenye kodi ambazo jimbo linakusanya lenyewe. Rupia 4 ni mapato yasiyo ya kodi, kama mrabaha wa madini. Karibu 13 ni mgao wa kodi za taifa unaotoka Delhi, na 4 nyingine ni ruzuku ya Delhi. Zilizobaki, rupia 28, ni mkopo.

Wakenya waliopo hapa watashangaa. Kaunti nyingi kule zinaishi kwa mgao wa Nairobi, ule ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na makusanyo ya kaunti yenyewe ni kidogo. Karnataka ni kinyume chake. Inajilisha yenyewe kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana inalalamika kwa sauti ya mtu anayejua amechangia kiasi gani.

Lakini kujilisha huko kuna kamba shingoni. Kodi kubwa kuliko zote, ile ya bidhaa na huduma iliyoanza 1 Julai 2017, jimbo haliwezi kubadilisha kiwango chake peke yake. Viwango hupangwa na baraza ambamo serikali kuu ina theluthi moja ya uzito wa kura na majimbo yote kwa pamoja yana theluthi mbili, na uamuzi unahitaji robo tatu. Pigeni hesabu: Delhi peke yake inaweza kuzuia jambo lolote, na hakuna jimbo moja linaloweza kupitisha lolote. Kwa miaka mitano ya mwanzo majimbo yalihakikishiwa fidia ili mapato yao yakue kwa asilimia 14 kila mwaka. Juni 2022 fidia hiyo ilikoma.

Basi waziri wa fedha wa jimbo akitaka pesa zaidi kesho asubuhi, anashika wapi? Ana vishikio vichache tu: pombe, petroli na dizeli, ushuru wa stempu mtu anaponunua nyumba au kiwanja, na kodi ya magari. Katika bajeti hii ushuru wa pombe ulipangiwa krori 40,000, stempu na usajili krori 28,000, magari krori 15,000. Mafuta yamo ndani ya lile fungu la kodi za biashara la krori 120,000. Juni 2024, mara tu uchaguzi mkuu wa taifa ulipokwisha, kodi ya petroli ilipandishwa kutoka asilimia 25.92 hadi 29.84, na lita ikapanda kwa rupia 3 hivi. Nawaambieni, ukiona jimbo la India linapandisha bei ya bia na petroli, usikimbilie kusema wana roho mbaya. Vishikio vingine vyote vimeshikwa na mtu mwingine.

Pombe hapa ni jambo zito. Majimbo ya Gujarat na Bihar yamepiga marufuku unywaji, na yamekubali kuishi bila mapato hayo. Karnataka inakusanya kwa mnywaji karibu rupia moja katika kila tano za kodi yake yenyewe. Machi 2025, katika mjadala wa bajeti hii hii, mbunge mmoja wa upinzani alisimama akasema: kwa kuwa wanawake wanapewa rupia 2,000 kwa mwezi, basi wanaume nao wapewe chupa mbili za pombe bure kila wiki. Wabunge wanawake walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini mantiki ya yule mzee haikuwa ya kilevi hata kidogo. Alikuwa anauliza, lengo la krori 40,000 litafikiwa vipi kama watu hawatakunywa zaidi? Swali hilo halikujibiwa vizuri.

Tuje Delhi. Kila miaka mitano Tume ya Fedha inakaa na kugawa kodi za taifa. Tume ya 15, iliyoongozwa na N.K. Singh, iliamua kwamba majimbo yapate asilimia 41 ya kodi zinazogawiwa, kisha ikaweka kanuni ya nani apate kiasi gani. Uzito mkubwa kuliko wote, asilimia 45, ulitolewa kwa umbali wa kipato: jimbo likiwa maskini zaidi, linapata zaidi. Idadi ya watu asilimia 15, ukubwa wa eneo 15, misitu 10, mafanikio ya kupunguza uzazi 12.5, juhudi ya kukusanya kodi 2.5. Matokeo yake, sehemu ya Karnataka ilishuka kutoka asilimia 4.713 hadi 3.647. Kwa kanuni hiyo Uttar Pradesh ilipata karibu 18, Bihar zaidi ya 10.

Hapa kila mtu ana haki yake, na sitaki mtoke mkidhani kuna mwizi. Mtoto wa Bihar ni raia wa India sawasawa na mtoto wa Bengaluru, na nchi isiyohamisha pesa kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiyenacho haitadumu kuwa nchi moja. Lakini Karnataka nayo inasema: mimi nimepanga uzazi mlivyoniambia, nimejenga viwanda vya programu za kompyuta mlivyoniambia, na kila nikifanikiwa mnanipunguzia. Tena kuna tozo maalumu ambazo Delhi inakusanya na ambazo kwa Katiba hazimo kabisa kwenye chungu cha kugawana. Serikali kuu ikiegemea tozo hizo, asilimia 41 inabaki 41 kwenye karatasi huku chungu chenyewe kikipungua.

Ugomvi huo umefika barabarani na mahakamani. Tarehe 7 Februari 2024 Siddaramaiah na mawaziri wake waliandamana Jantar Mantar, mahali pa maandamano kule Delhi. Kesho yake wakaja jirani zao wa Kerala kwa kilio kinachofanana. Mwaka 2023 ukame uliipiga Karnataka hadi taluka (wilaya ndogo) 223 kati ya 236 zikatangazwa kuwa na ukame. Jimbo likaomba krori 18,171 za maafa. Ilibidi liende Mahakama ya Juu, na Aprili 2024 zikatoka krori 3,454. Mnaosoma uchumi mtaona somo hapo: pengo la maafa linazibwa kwa pesa iliyokuwa imepangiwa kitu kingine, na hicho kitu kingine hakitajwi popote kwenye hotuba ya bajeti.

Sasa matumizi. Kati ya krori 409,549, matumizi ya kawaida ni krori 311,739. Hiyo ni robo tatu na kidogo. Matumizi ya maendeleo, yaani barabara, mabwawa, majengo, mitambo, ni krori 71,336. Kulipa deni la zamani ni krori 26,474. Ndani ya matumizi ya kawaida mmejaa mishahara, pensheni na riba. Mishahara hiyo ilikuwa imetoka kupanda: tangu 1 Agosti 2024 watumishi wa jimbo waliongezewa asilimia 27.5 kufuatia mapendekezo ya tume ya saba ya mishahara. Hakuna waziri anayeweza kuamka akasema mwaka huu walimu hatuwalipi. Kwa hiyo pesa ambayo serikali inaweza kweli kuiamulia, ile ambayo juu yake neno kipaumbele lina maana, ni sehemu ndogo.

Nataka mshike hesabu moja, muiandike. Mkopo mpya ni krori 116,000. Toa 26,474 za kulipa deni la zamani. Toa 71,336 za maendeleo. Zinabaki krori 18,190. Zinakwenda wapi? Zinaliwa. Mapato ya kawaida yalikadiriwa kuwa krori 292,477, matumizi ya kawaida 311,739, nakisi ni 19,262, na karibu yote inazibwa kwa mkopo huo. Kabla ya korona jimbo hili lilikuwa na ziada katika hesabu hiyo kwa miaka mingi, na lilisifiwa kote India kwa nidhamu yake. Ndilo lililokuwa la kwanza kati ya majimbo kutunga sheria ya uwajibikaji wa fedha, mwaka 2002.

Sheria hiyo inasema nakisi ya jumla isizidi asilimia 3 ya pato la jimbo, na deni lote lisizidi asilimia 25. Bajeti hii imesema nakisi ni asilimia 2.95 na deni ni asilimia 24.91. Mnacheka. Mimi pia nilicheka. Namba zinapojipanga hivyo, nywele moja chini ya ukomo, mara zote mbili, mjue kwamba ukomo ndio ulioandika bajeti na mafungu yakafuata nyuma. Sisemi ni uongo. Yapo makadirio ya pato la jimbo yanayoweza kusogezwa kwa nia njema kabisa. Ila ukomo huo unazaa tabia: serikali ikibanwa hapa, inaacha mashirika yake ya umwagiliaji yakope, au inamwacha mkandarasi asubiri malipo yake. Makandarasi wa Karnataka wamelalamikia madeni yao hadharani mwaka hadi mwaka, chini ya serikali za vyama vyote.

Majirani zetu Kerala walijaribu njia nyingine. Waliunda chombo cha kukopea miundombinu nje ya bajeti, kikauza hati fungani London mwaka 2019. Delhi ikasema deni hilo ni lenu, tunalihesabu kwenye ukomo wenu. Kerala ikafungua kesi, na Aprili 2024 Mahakama ya Juu ikalipeleka suala hilo kwa jopo kubwa la kikatiba. Kwa hiyo hata swali la jimbo linaruhusiwa kukopa kiasi gani bila ruhusa ya Delhi halina jibu la mwisho.

Sasa tufike kwenye kile mlichokuwa mnasubiri, zile ahadi tano ambazo chama cha Congress kilishinda nazo Mei 2023. Bajeti ilizitengea krori 51,034. Gruha Lakshmi, rupia 2,000 kila mwezi kwa mama mwenye kaya, krori 28,608. Gruha Jyothi, umeme bure hadi yuniti 200 nyumbani, krori 10,100. Anna Bhagya, mchele, krori 6,426. Shakti, basi bure kwa wanawake, krori 5,300. Yuva Nidhi, posho ya vijana waliohitimu na hawana kazi, krori 600.

Mambo matatu kuhusu orodha hiyo. Kwanza, gawanyeni 28,608 kwa rupia 24,000 za mwaka, mtaona inatosha wanawake karibu milioni 12. Katika jimbo la kiasi cha watu milioni 70, hiyo ni kaya nyingi mno. Wanaoachwa ni hasa zile ambazo mama au mumewe analipa kodi ya mapato. Hiki si kitu cha kuonyesha tu kwenye mabango. Pili, tazameni vijana: krori 600, kitu kama rupia moja kati ya 85 za ahadi zote. Ahadi tano zilitajwa kwa pumzi moja kwenye kampeni, lakini hazina uzito mmoja hata kidogo. Tatu, basi. Kila mtu anapenda kuibishania Shakti kwa sababu inaonekana kwa macho, basi limejaa, wanaume wamesimama. Kufikia Julai 2025 zilikuwa zimehesabiwa safari bilioni 5 za wanawake. Na bado ni sehemu ya kumi tu ya gharama ya ahadi zote. Mwanamke anayeweza kufika sokoni Yeshwanthpur bila kumwomba mtu nauli, mimi naona hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko nyingi.

Waziri Mkuu Modi, Julai 2022, aliwaonya vijana dhidi ya siasa za kugawa peremende wakati wa uchaguzi. Baadaye chama chake mwenyewe kikaanza kulipa wanawake kila mwezi huko Madhya Pradesh, na serikali ya muungano wake ikafanya hivyo Maharashtra. Kwa hiyo ule ubishi wa nani anagawa na nani hagawi umekufa, wanagawa wote. Msimamo wangu ni huu: kumpa mama wa kijijini rupia 2,000 si upotevu. Kosa ni kumpa bila kumwambia ni nani aliyesogezwa pembeni ili yeye apewe. Krori 51,034 si mbali sana na krori 71,336 za maendeleo yote. Umwagiliaji mzima ulipewa krori 22,181, katika jimbo ambalo juzi tu lilikuwa na ukame. Elimu krori 45,286. Na mwenye dizeli ndiye aliyepandishiwa kodi.

Kuna fungu moja ambalo nataka tukae nalo, kwa sababu linatuhusu kwa damu. Mwaka 2013, Siddaramaiah huyu huyu akiwa Waziri Kiongozi kwa mara ya kwanza, Karnataka ilitunga sheria kwamba sehemu ya fedha za maendeleo itengwe kwa Wadalit, yaani watu wa matabaka ya chini kabisa, na makabila yaliyoorodheshwa, kulingana na idadi yao, yaani asilimia 24.1. Ni sheria nzuri, majimbo machache yana kitu kama hicho. Bajeti ya 2025-26 iliwatengea krori 42,018. Ila tangu ahadi tano zianze, maelfu ya krori za fungu hilo zimekuwa zikihesabiwa kama mchango wao kwa ahadi hizo. Mwaka 2023-24 pekee zilikuwa zaidi ya krori 11,000. Serikali inajitetea kwamba Mdalit naye anapanda basi bure, naye anapata mchele, kwa hiyo sehemu yake inalipwa kutoka fungu lake. Kihesabu unaweza kuikubali hoja hiyo. Kisiasa ni dhuluma ya taratibu: jirani yake asiye Mdalit anapata mchele uleule kutoka mfuko wa wote, yeye analipiwa kutoka mfuko uliokusudiwa kumjengea bweni la shule au kumpatia kisima.

Nimesema linatuhusu kwa damu. Kwenye misitu ya Uttara Kannada, huko Yellapur na Haliyal, wanaishi Wasiddi, watu ambao mababu zao waliletwa kutoka pwani na bara ya Afrika, wengi kwa kupitia Goa ya Wareno. Wanazungumza Kikonkani na Kikannada, na nywele zao ni zetu. Tangu 2003 wamo katika orodha ya makabila yanayotambuliwa hapa. Kwa hiyo mkisoma mstari wa bajeti kuhusu makabila, mnasoma pia habari za binamu zenu. Mwaka 2024, katika shirika la serikali ya jimbo lililoundwa kuyaendeleza makabila hayo, ilibainika krori 187 zilikuwa zimehamishwa bila idhini. Waziri husika akajiuzulu Juni mwaka huo. Bajeti ilikuwa imepitishwa vizuri kabisa, kwa kura na kwa makofi.

Hiyo inanipeleka kwenye ushauri wa kazi. Msisome bajeti kwa safu moja. Vitabu vya bajeti vina safu ya hesabu halisi za mwaka juzi, makadirio ya mwaka uliopita, makadirio yaliyorekebishwa, na makadirio ya mwaka mpya. Magazeti huchapisha hiyo ya mwisho peke yake, ambayo ni nia tu. Wizara ikitengewa 100 kila mwaka, ikarekebishwa kuwa 80, na hesabu halisi zikaonyesha 65, basi kipaumbele cha serikali kwa wizara hiyo ni 65. Tena angalieni matumizi ya Machi: idara zinazobaki na pesa hukimbizana kuzimaliza kabla ya mwaka kufungwa. Bajeti za nyongeza nazo hupitishwa katikati ya mwaka na hakuna anayeziangalia. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja baadaye, wakati habari imekwisha kupoa, lakini ndizo zenye nyama.

Na msijumlishe kila takwimu mnayoisikia. Bajeti hii ilisema programu za wanawake ni krori 94,084 na za watoto krori 62,033. Hizo si mafungu tofauti. Ni pesa zilezile za elimu, afya na ahadi tano, zimehesabiwa tena kwa miwani nyingine. Gruha Lakshmi imo humo, na imo pia katika wizara ya wanawake na watoto, na sehemu yake imo katika fungu la Wadalit. Rupia moja inaweza kupigiwa makofi mara tatu.

Baada ya hotuba kijana mmoja aliniuliza kama ahadi tano zinaweza kufutwa. Nilimjibu kwamba sioni chama chochote kitakachomwendea mama wa Kalaburagi na kumwambia rupia 2,000 zimekwisha. Kinachowezekana ni kuziacha ziyeyuke. Rupia 2,000 za 2023 hazitanunua kitu kilekile 2030, na serikali isipopandisha kiwango, mzigo unapungua wenyewe bila kura hata moja. Njia nyingine ni kuchelewesha malipo mwezi mmoja hapa, miwili pale. Hilo limeshaanza kulalamikiwa.

Dada mmoja anayesoma uhasibu akauliza aanzie wapi kama anataka kuandika tasnifu juu ya jambo hili. Nilimwambia aingie tovuti ya idara ya fedha ya Karnataka, aache hotuba, apakue muhtasari wa bajeti na mpango wa fedha wa muda wa kati, kisha achague wizara moja tu na miaka mitano. Umwagiliaji ungenifurahisha. Hesabu halisi za mwaka wa 2025-26 zitatokea kwenye vitabu vya bajeti vitakavyosomwa Machi 2027, kwa hiyo apange muda wake na msimamizi wake mapema.